P0522 imegeuka P0524 baada ya kubadili sensa: ninunue injini nyingine?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, niko Mafinga. Nina gari ya petroli ya Kizungu, injini lita 2, ya mwaka 2013. Mwezi uliopita nikitoka Dar nilikuwa napanda mlima Kitonga nyuma ya malori, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye kona, ikazima, ikawaka tena. Ilula nikapumzika kama nusu saa, ikapotea. Fundi wa Iringa akachomeka mashine ya kusoma hitilafu ikatoa msimbo P0522, akafuta, akabadilisha sensa ya presha ya oili kwa shilingi 120,000. Wiki mbili gari ikawa nzima. Juzi nikirudi kutoka Makambako taa imewaka tena, na sasa mashine inasema P0524. Fundi mwingine anasema injini imekufa, nitafute ya mtumba Ilala, Dar. Asubuhi ikiwa ya baridi haina shida yoyote. Oili ipo, nimepima mwenyewe. Labda nitaje pia kwamba mwezi wa nne sampo (bakuli la oili chini ya injini) iligonga jiwe njia ya shamba, ikanyooshwa na kufungwa upya, na haivuji. Nifanye nini?"

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na kamwene. Kwanza naomba usiliwashe tena gari hilo, hata kwa kwenda sokoni na kurudi, mpaka mtu aje na geji ya presha. Pili, usimtumie mtu wa Ilala hela ya injini. Huenda siku moja ukaihitaji, ila kwa haya uliyonieleza hakuna aliyeipima hiyo uliyonayo. Kilichopimwa mara mbili ni volti tu.

Nieleze maana yake. Kompyuta ya gari haijawahi kuiona oili. Kinachoifikia ni umeme kutoka kwenye sensa yenye waya tatu: mmoja unaipa volti 5, mmoja ni ethi, yaani njia ya hasi, na wa tatu unarudisha jibu. Jibu hilo kwa kawaida huanzia karibu nusu volti pale presha ikiwa sifuri na kupanda hadi karibu volti 4.5 presha ikiwa juu kabisa. Kompyuta inasoma hiyo volti, inaigeuza kuwa presha, kisha inaandika msimbo. (Mafundi wengi wanasema "kodi", na hawamaanishi ile ya TRA.)

Kwa hiyo familia hii ya P0520 hadi P0524 ni malalamiko matano tofauti. P0520 inasema kuna kitu hakiko sawa kwenye njia nzima ya sensa, bila kufafanua. P0521 inasema jibu linakuja ila halina akili, kwa mfano namba ileile injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma. P0522 inasema volti ni ndogo mno, na P0523 inasema ni kubwa mno. Hizo zote ni lugha ya umeme. P0524 ni ya aina nyingine. Hapo kompyuta inasema volti naielewa, sensa naiamini, na inachoniambia ni kwamba presha ya oili imeshuka chini ya kiwango.

Sasa itazame safari ya gari lako. Mwanzo ilikuja P0522. Fundi wa Iringa hakukosea kuitilia shaka sensa, wengi tungeanzia hapo. Kosa lake ni kufuta kabla ya kuandika pembeni. Msimbo unapojiandika, kompyuta huhifadhi pia picha ya dakika ile: joto la injini, mizunguko, mwendo wa gari. Hata kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani mara nyingi kinaweza kuisoma. Kama picha ingeonyesha injini ya baridi, imewashwa sasa hivi, ningesema waya. Ikionyesha joto la nyuzi 100, gari linatambaa kwa mizunguko 900 au 1,000 kwa dakika, basi ningeshika geji. Ukifuta msimbo, picha nayo inakwenda. Ile ya P0524 ya juzi naomba isifutwe na mtu yeyote, hata akikuambia anataka tu "kuona kama itarudi".

Kwa nini presha ndogo ya kweli ije na jina la umeme? Kwa sababu mipaka haifanani kati ya gari na gari. Presha ikishuka karibu na sifuri, volti nayo inakaribia ile nusu, na sensa iliyochoka kidogo inaweza kuteremka chini yake. Hapo kompyuta inaona volti ndogo mno na kuandika P0522. Umeweka sensa mpya, inayosema ukweli vizuri zaidi, na ugonjwa uleule umeandikwa kwa jina lake halisi. Hivyo ndivyo ninavyousoma mfuatano wako. Sijaliona gari na ninaweza kukosea, ndiyo maana nataka geji kabla ya maneno yangu na ya mwenzangu aliyekutuma Ilala.

Geji ninayoisema ni ile ya zamani ya mshale, yenye mpira wa presha, haina umeme wowote. Fundi anafungua sensa, anafunga geji kwenye tundu lilelile, basi. Shida pekee ni uzi wa nati. Magari mengi ya Kijapani hutumia uzi wa moja ya nane ya inchi unaochongoka, wakati ya Kizungu mara nyingi ni wa milimita. Usikubali mtu alazimishe kichwa kisicholingana, utanunua matatizo mengine. Na wakati wa kurudisha, kama gari ni la zamani lenye swichi ya waya mmoja, asizungushie utepe mweupe wa mabomba, maana swichi ile inapata ethi kupitia uzi wake na utepe unaweza kuikatia. Ya kwako ina waya wake wa ethi, hiyo haikuhusu sana.

Kipimo kifanyike mara mbili, injini ikiwa ya baridi na ikiwa imechemka hadi feni imezunguka angalau mara moja. Cha baridi peke yake hakina maana, hasa huku kwetu. Asubuhi ya mwezi wa saba Mafinga au Makambako oili ni nzito kama uji wa ulezi, na oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi za beringi, kwa hiyo presha inapanda hata kwenye injini iliyochakaa. Gari linalosema "asubuhi sina shida" halijajitetea bado. Gari la namna hiyo hujulikana likifika kwenye joto la Ruaha Mbuyuni saa nane mchana kisha likapanda Kitonga kwa gia ya pili.

Namba ngapi ndiyo nzuri? Kila injini ina kitabu chake, na cha kwako ndicho cha kufuata. Ili upate picha tu, Toyota kwa injini yao ya 1ZZ-FE, ile iliyojaa kwenye magari madogo ya barabarani kwetu, wanataka angalau kilopaskali 29 injini ikiwa ya moto na hujakanyaga mafuta, na kati ya 294 na 539 kwa mizunguko 3,000. Kilopaskali 100 ni bar 1, au PSI 14.5 kwa geji za Kiingereza. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000. Inasaidia ukiwa porini, lakini si sheria.

Muhimu kuliko namba moja ni jinsi mshale unavyotembea unapokanyaga mafuta. Injini iliyolegea beringi za krenki (shafti kuu ya injini) huwa na presha ndogo ikiwa ya moto na haijakanyagwa, halafu ukikanyaga inapanda, japo kwa uvivu. Vali ya kupunguzia presha ikikwama wazi, mshale unapanda kidogo kisha unagoma, hata ukanyage hadi mwisho. Ila ukiona presha inaridhisha ukiwa hujakanyaga, na ukikanyaga mshale unatetemeka au unashuka, hapo pampu ina kiu. Inataka kunywa na mdomo umezibwa.

Hapo ndipo narudi kwenye sentensi yako ya mwisho, ile uliyoanza na "labda nitaje pia". Mwalimu, hiyo ndiyo iliyonifanya nivue miwani na kusoma upya.

Ndani ya sampo, sentimita chache au hata milimita chache kutoka chini, kuna bomba lenye chujio la wavu. Ndio mdomo wa pampu. Jiwe likipiga sampo kwa nje, bati linabonyea kwa ndani na kuusogelea ule wavu, wakati mwingine kuugusa kabisa au kulipinda bomba lake. Sampo inaweza kunyooshwa ikapendeza kwa nje, bomba likabaki limepinda. Hilo la kwanza. La pili ni silikoni. Fundi akifunga sampo kwa silikoni nyingi, ile inayotokea kwa nje tunaiona na kuifuta, na kwa ndani inatokea kiasi kilekile. Ikikauka, nyuzi zake zinakatika, zinaelea, na safari yake inaishia kwenye wavu. "Haivuji" ni sifa nzuri kwa ndoo. Kwa sampo haitoshi.

Na angalia dalili zako: taa imewaka baada ya safari ndefu, ukapumzika Ilula, ikapotea. Ukizima injini, pampu inaacha kuvuta, na uchafu ulionata kwenye wavu unaanguka chini. Ukiwasha tena, mdomo uko wazi kwa muda. Injini iliyochakaa nayo hupata nafuu ikipoa, sikatai, ila nusu saa baada ya Kitonga oili bado ni ya moto sana. Ongeza na mlima wenyewe: pua ya gari ikiwa juu, oili inakimbilia nyuma ya sampo, na kwenye kona inakimbilia upande. Kama wavu umebaki na nusu ya nafasi yake, hapo ndipo unapovuta hewa.

Najua hili kwa sababu liliwahi kunikuta. Miaka ya nyuma, hapa Mbeya, nilifunga sampo ya gari la abiria la mzee mmoja wa Rungwe, nikajivunia jinsi silikoni ilivyokaa. Baada ya mwezi akarudi, taa ya oili inawaka akifika Isyonje. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo mpana, kwamba beringi zimekwisha. Akauza ng'ombe. Tulipofungua kukuta beringi zinang'aa na wavu umejaa nyuzi za kijivu zilizotoka mkononi mwangu, nilikosa pa kuuficha uso. Nilimrudishia hela ya kazi zote mbili. Ng'ombe sikuweza kumrudisha. Tangu siku hiyo napaka silikoni nyembamba kama mstari wa kalamu ya bodi, na sitamki neno "injini imekufa" kabla ya kuona geji na kushusha sampo.

Kwa hiyo geji ikionyesha presha ni mbovu kweli, mpangilio wangu kwa gari lako ni huu. Imwagwe oili kwenye beseni safi, na uinuse. Ikinuka petroli, imeyeyushwa, na presha itashuka hata injini ikiwa nzima, basi tatizo litafutwe kwenye sindano za mafuta. Chujio la oili lipasuliwe kwa msumeno, karatasi yake ikunjuliwe juani. Vumbi la kumetameta lipitishiwe sumaku: linalonata ni chuma, mara nyingi cha pampu, mnyororo au krenki yenyewe. Lisilonata na lenye rangi ya fedha au shaba ni la beringi, na hapo mwenzangu aliyekutuma Ilala ana hoja. Kisha sampo ishuke. Uwepo, Mwalimu, usiende kunywa chai. Uone wavu kwa macho yako na upige picha kabla haujaguswa. Ukiwa umeziba, usafishwe au ubadilishwe, pamoja na raba ndogo ya pale bomba linapoingia kwenye pampu. Raba hiyo ikipasuka pampu inavuta hewa hata wavu ukiwa safi, na watu wengi wanaisahau. Sampo yenyewe ningeshauri utafute nyingine kuliko kuirudisha iliyogongwagongwa. Na usisahau kwamba kijiti cha kupimia kinaonyesha kimo tu. Sampo iliyobonyea ndani inaweza kuonyesha imejaa huku ina oili pungufu.

Wavu ukiwa safi, beringi mbili tatu za chini zinaweza kufunguliwa palepale na kutazamwa bila kushusha injini nzima. Magari mengi ya miaka hii pia yana pampu inayobadili nguvu yake kwa amri ya kompyuta kupitia vali ndogo ya umeme. Kama lako ni la namna hiyo, vali hiyo na waya wake vipimwe kabla pampu haijalaumiwa.

Na kama geji ikisema presha ni nzuri kabisa? Nitashangaa, lakini nimeshashangazwa mara nyingi. Hapo turudi kwenye umeme, na kazi inakuwa rahisi. Funguo iwashwe bila kuwasha injini, mashine isome presha. Inatakiwa karibu na sifuri. Ikisema bar 3 injini imelala, sensa mpya ni mwongo, na sensa bandia zimejaa. Tahadhari moja tu kwa sisi wa milimani: kuna magari yanayoonyesha presha pamoja na ile ya hewa yenyewe, na hayo yakizimwa husoma karibu kilopaskali 100 yakiwa Dar. Mafinga, karibu mita 1,900 juu ya bahari, yatasoma kama 80. Si ugonjwa.

Kisha plagi ya sensa ichomolewe na kutazamwa ndani. Ukikuta oili, sensa inavuja kupitia katikati yake na oili inapanda kwenye waya. Maji pia hukaa humo, ndiyo maana sipendi injini kuoshwa kwa presha. Kwenye waya mmoja zitafutwe volti 5, na ethi ikipimwa injini ikiwa inanguruma isizidi sehemu ya kumi ya volti. Halafu jaribio ninalolipenda: plagi ikiwa imechomolewa, msimbo usomwe. Kuna magari ambayo waya wa jibu ukiachwa wazi hupanda, yakaandika P0523, na mengine hushuka yakaandika P0522. Kama lilikuwa linalia P0522 na sasa linasema P0523, kompyuta na waya wa jibu ni wazima, wa kulaumiwa ni sensa. Likibaki na P0522, usikimbilie hukumu. Huenda ni desturi ya gari hilo, au waya wa jibu umegusa bodi mahali fulani. Ufuatwe kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Mafinga wakati wa mavuno ya mahindi panya wanapenda sana joto la injini.

Utaambiwa pia uweke oili nzito ili taa izime. Naifahamu hiyo dawa, na kweli taa inaweza kuzima. Gari lako kama kitabu chake kinasema 5W-30, ukiliwekea 20W-50 mshale wa geji utapanda, lakini asubuhi ya baridi oili itachelewa kufika juu kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali) na tabo kama ipo, na vali inayobadili muda wa kemshafti itaanza kutoa misimbo yake. Hapo tutakuwa tunatafuta magonjwa mawili. Oili iwe ya uzito wa kitabu, ya chupa iliyofungwa, na si ya kupimiwa kwenye pipa.

Kuhusu kuendesha: taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la birika, ikiwaka, injini izimwe palepale gari linapoweza kusimama salama. Usijiambie "nifike Ilula kwanza". Beringi za krenki zinaelea juu ya utando wa oili, na utando ukiisha, chuma kinasugua chuma. Dakika chache zinatosha. Ulivyofanya Kitonga, kuendelea hadi Ilula, nakuelewa, kule hakuna mahali pazuri pa kusimama na malori yako nyuma. Ila huenda ndipo ulipoanza kuziharibu beringi, na ndiyo maana nataka chujio lipasuliwe.

Kutoka Mafinga hadi Iringa ni kama kilometa 80, kwa hiyo gari ama livutwe, ama umlipe fundi nauli aje na geji yake. Nauli ni nafuu. Ukishapimiwa niandikie namba tatu: presha ikiwa ya baridi, ikiwa ya moto bila kukanyaga, na ikiwa ya moto kwa mizunguko 3,000, pamoja na jinsi mshale ulivyotembea kati ya hizo mbili za mwisho. Na picha ya wavu, sampo ikishuka.